Paka wa Wifi

12 Februari

Wifi yangu,

Salamu zote nilizo nazo ni zako. Zikipungua kabla hazijakufikia, mlaumu dereva wa lori la mizigo la huko kambini kwenu. Sisi wazima. Kaka yako mgongo umemwachia, ameanza tena kuingia chini ya magari ya watu, na anatoka huko na oili mpaka kwenye kope, halafu bila haya anakuja kukalia makochi ya wateja wangu. Mama hajambo. Meno yake ya bandia yanambana, lakini ulimi uko palepale. Mimi kazi imenielemea, maana watu ni kama wamekubaliana kugundua siku moja kwamba makochi yao yamechakaa. Sebule yote ni mbao, springi na sponji, hata pa kuweka mguu hakuna.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, na naomba ukae chini kwanza. Mkaguzi anaumwa.

Ilianza kwa maji. Alikuwa anakunywa kwenye bakuli lake, tukaona kawaida. Akaanza kunywa kwenye ndoo, kisha bombani, na juzi Mama kamkuta anakunywa kwenye glasi anayolowekea meno. Kelele aliyopiga ungeisikia huko huko kwenye bwawa mnalojenga. Nikadhani ni joto tu. Lakini nilipomshika mgongoni nikahisi mifupa yote, kama springi za kochi lililokwisha kitambaa, ndipo nikampakia kwenye kikapu nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Unamjua, yule ambaye wagonjwa wake wengi ni ng'ombe. Alimshika vizuri sana, sikutegemea. Akamtoa damu, akaniambia nirudi, na niliporudi akaniambia ni figo.

Anasema figo za paka zikishachoka hazirudi kama zamani. Zinaweza kusaidiwa. Kuna maji ya dripu ya kuwekwa chini ya ngozi hapa hapa nyumbani, kuna chakula chake maalumu na dawa ya kuzuia kichefuchefu, na hayo yote ni ya maisha. Au tumwache apumzike, tumtazame, na siku akianza kuteseka yeye daktari aje amchome sindano ya kulala asiamke.

Paka ni wako, wifi. Mimi uliniachia nimtunze mpaka urudi. Utakalosema ndilo nitakalofanya.

Wifi yako, fundi makochi


6 Machi

Wifi kipenzi,

Barua yako ilinikuta nimesimama jikoni, nikaisoma hapo hapo mpaka maharage yakashika chini. Kambi nzima ya wajenzi ilikula maharage yanayonuka moshi na hakuna aliyejua kwamba kosa ni la paka. Nashukuru Mungu kwa uzima wenu. Mwambie kaka mgongo huo autunze, hana wa akiba. Mama mwambie anunue glasi yenye kifuniko. Huku matope ni magotini, bwawa linapanda polepole, na mimi nina majiko sita, wasaidizi wavivu na sauti iliyokauka kwa kuwafokea.

Tangu niisome sili vizuri. Nakumbuka siku alipoingia jikoni kwenye kantini ya kiwandani nilikopika kabla ya huku, kipaka kidogo kina tope, akapita sufuria moja baada ya nyingine akinusa, mkia juu, kisha akakaa mlangoni kama mtu anayekwenda kuandika ripoti. Wapishi wakasema mkaguzi wa afya kafika. Jina likamkaa.

Wifi, mimi niko mbali. Siwezi kumuona wala kumshika. Wewe ndiye uliye naye, fanya unavyoona inafaa. Sitakulaumu kwa lolote. Naomba kimoja tu, kama bado anakuja mbio ukifunua sufuria, msimkatie tamaa. Mkataba wangu unaisha mwezi wa kumi. Nikirudi namchukua mwenyewe na wewe utapumua.

Wifi yako wa majikoni


2 Aprili

Wifi,

Hujambo na moshi huo? Sisi tunasukuma siku. Kaka yako amepata tenda ya kutengeneza magari ya shule na sasa anatembea kifua mbele kama mwalimu mkuu. Mama amekataa glasi yenye kifuniko. Anasema hawezi kufungia meno yake kwa ajili ya paka.

Umenirudishia mpira, wifi, nimeuona ukija. Haya, nimeudaka. Sufuria ikifunuliwa bado anakuja, basi nimeona inafaa tumtibu.

Daktari alikuja kunifundisha. Mfuko wa maji tumeutundika kwenye msumari wangu wa kutundikia mikasi, pale juu ya meza ya kukatia vitambaa. Unamkalisha, unavuta ngozi katikati ya mabega inyanyuke kidogo, unaingiza sindano chini yake, kisha unaacha maji yashuke. Mimi nimeshika sindano tangu utotoni, za kunyooka na zilizopinda, nikadhani nitamaliza kabla chai haijapoa. Nilisogeza sindano nikairudisha mara tatu, wifi! Nikishona kochi, kochi halinitazami usoni.

Kaka yako ndiye anayemshika. Mara ya kwanza alivaa glavu za gereji, akaonekana kama anakwenda kuzima moto. Sasa anamshika mikono mitupu na kumwelezea, "Tulia mzee, ni radieta tu, tunakuongezea maji." Tukimaliza, maji yanakusanyika yakawa nundu begani, na Mkaguzi anapita nayo uani bila wasiwasi wowote.

Na yanasaidia. Wiki hii amekula samaki akaomba tena, na amepanda kwenye kochi la mteja na kukwaruza kitambaa kipya. Nilitaka kumfokea, nikajikuta nacheka. Wewe hujui, lakini mimi sikuwahi kupenda paka. Nilimpokea kwa sababu wifi haambiwi hapana.

Mama alikuwa kasimama mlangoni akitutazama. Akasema, "Huyo akifia mikononi mwako, mkwe wangu, utatajwa kwenye kila harusi ya ukoo huu." Ulikuwa utani. Nafikiri ulikuwa utani.

Wifi yako


3 Mei

Wifi yangu wa dhahabu,

Lori lilikwama mtoni, barua zote zimekaa huko zikilowana, yako imefika ina ramani ya matope lakini nimeisoma yote, na sehemu ya glavu nimewasomea wasaidizi wangu. Nimeteguka kifundo cha mguu, si cha kutisha, napika nimekaa kwenye ndoo. Msalimie Mama. Mwambie meno ni yake, afanye atakavyo.

Nimefurahi nikashindwa kulala. Nikuambie kitu ambacho huwa sisemi. Najua watu huko nyumbani wananicheka, kwamba binti yao hana mume, hana mtoto, ana paka. Wacheke. Lakini jioni nikikaa kwenye kitanda changu hiki cha chuma nikawaza kurudi, sioni nyumba wala mtaa. Namuona yeye mlangoni, mkia juu, ananinusa mikono kujua leo nimepika nini.

Mshikilieni mpaka mwezi wa kumi, wifi. Nakuomba sana. Na mnitumie picha yake. Ukuta wangu hauna kitu.

Wifi yako


30 Mei

Wifi,

Hujambo? Pole na mguu, uukande kwa maji ya moto. Sisi hatujambo sote. Kazi inaendelea, nina makochi ya daktari wa meno, ya chumba wanachongojea wagonjwa, mazito ajabu.

Picha ndiyo hiyo. Kaiazima kamera kaka yako kwa mteja. Mwenyewe amekaa kwenye mto mpya wa velveti niliomshonea kwa mabaki ya kitambaa, na shali nimemfunika kwa sababu asubuhi ile kulikuwa na baridi. Mwili upo, kama unavyoona. Siku nyingine anachoka kidogo, lakini nani hachoki.

Usiwe na wasiwasi. Nimekuahidi, na nitamfikisha.

Wifi yako


25 Juni

Wifi, wifi, wifi!

Mguu umepona, mvua zimekata, na nina furaha ya kugawa kwa jirani. Nimeibandika picha jikoni juu ya rafu ya unga na kila anayekuja kuchukua chakula lazima aitazame kwanza. Amenenepa! Shavu hilo! Mhandisi mkuu alipita akauliza huyu bwana mkubwa kwenye velveti ni nani, nikamwambia ni mkubwa wangu wa kazi. Mkono wako una baraka, sijui nikulipe nini.

Endelea hivyo hivyo na dripu, usilegeze. Mhandisi alikuwa na maneno mengine pia, lakini hayo tutayaongea siku nyingine.

Nawapenda nyote.

Wifi yako mwenye bahati


20 Julai

Wifi,

Natumaini u mzima. Hapa tu wazima. Mama amepata meno mapya, yanamkaa vizuri na sasa anatafuna karanga ili tumsikie. Kitambaa cha kijani kimeadimika madukani, wateja wananisumbua. Kaka yako anakusalimu. Mvua huku bado haijanyesha, vumbi limekuwa jingi.

Naandika haraka haraka. Sina mengine.

Wifi yako


14 Agosti

Wifi yangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu. Ina meno ya Mama, ina kitambaa cha kijani, ina mvua ambayo haijanyesha. Haina paka.

Basi nikaenda kwenye rafu ya unga nikaitazama ile picha upya, safari hii kwa macho ya mtu anayetaka kujua, siyo ya mtu anayetaka kufurahi. Mkia umetokea upande mmoja wa mto na tumbo liko upande mwingine. Na chini ya shali, karibu na mguu wa nyuma, kuna kipembe cha njano. Nikaisogeza kwenye mwanga. Ni sponji.

Umenijazia paka sponji, wifi!

Nilicheka, haki ya Mungu. Nilicheka mpaka msaidizi wangu akadhani nimepandwa na kitu. Kisha nikakumbuka kwamba tangu nimfahamu Mkaguzi hakuwahi kukubali kufunikwa, hata na leso. Paka aliyekaa chini ya shali akatulia apigwe picha ni paka asiye na nguvu za kuitoa. Nikakaa kwenye gunia la unga nikalia, na chakula cha mchana kikachelewa.

Sijakasirika. Nisikilize vizuri, maana nimechelewa kulisema. Nilikuambia fanya unavyoona, nikajiona mtu muungwana sana. Barua iliyofuata nikakuomba umshikilie mpaka mwezi wa kumi, na nikakuambia habari za kitanda changu na upweke wangu. Baada ya maneno yale ungewezaje kuniandikia kwamba anakwisha? Nilikupa ruhusa kwa mkono huu nikakupokonya kwa mkono mwingine. Na huko Mama kasimama mlangoni na harusi zake.

Na kuna hili. Mwezi wa kumi sirudi. Mhandisi aliniomba nibaki mpaka bwawa lijae, nikasaini mwezi ule ule wa Juni nilipokuandikia kwa mbwembwe. Sikukuambia, na sababu yake si nzuri. Niliogopa ungeuliza, sasa huyu tunamshikilia kwa ajili ya nani? Nilitaka awepo tu, hata kama simuoni, hata kama anayechomwa sindano ni yeye na anayeichoma ni wewe.

Kwa hiyo leo nasema mimi mwenye paka. Kama hali chakula tena, kama ameacha kujilamba manyoya, kama anajificha pembeni, usisubiri. Mwite daktari. Mama akikuuliza, mjomba akiuliza, yeyote akiuliza, mwambie binti yao ndiye aliyesema. Usibebe wewe. Umebeba vya kutosha.

Mshike kichwa kidogo chini ya masikio. Hapo ndipo anapopapenda.

Wifi yako


10 Septemba

Wifi yangu,

Barua yako imefika Ijumaa. Mkaguzi alituacha Jumatatu iliyotangulia. Kwa hiyo alikwenda bila neno lako, na najua unaposoma hapa umeshaanza kulia, basi lia kwanza, barua haikimbii.

Salamu nitazileta mwisho, leo sijui kuzipanga.

Sponji ndiyo, umeniona. Nilikuwa nimemshonea ule mto ili akae vizuri, mifupa isimuume. Kaka yako alipokuja na kamera, nikamtazama kwenye mwanga wa dirisha nikaona kwamba ukimwona hivi utazimia. Mikono yangu kazi yake ni kujaza vitu vilivyokwisha vionekane vipya. Nilichukua mabaki ya sponji nikajaza kabla sijawaza. Kaka yako akasema, "Mke wangu, hii si sawa." Nikamwambia piga picha. Akapiga. Tangu siku hiyo kila nikikaa kukuandikia mkono unakuwa mzito, na ndiyo maana ukapata meno ya Mama.

Sasa nikueleze ilivyokuwa. Dripu ilisaidia kweli, miezi ile ya mwanzo sikukudanganya. Baadaye ikawa inasaidia siku mbili, baadaye nusu siku. Akaacha samaki. Mdomo ukatoka vidonda, daktari akatoa dawa, vikapoa, vikarudi. Haya yote ningeweza kuyavumilia, nilikuwa nimejikaza. Kilichonishinda ni msumari. Alishaujua. Nikinyoosha mkono tu kuutundika mfuko wa maji, anajikokota mpaka chini ya yale makochi ya daktari wa meno na kunitazama kutoka huko gizani. Wifi, huyu ni paka aliyekuwa ananifuata mpaka chooni. Nikapiga magoti na sindano mkononi, namwita kwa sauti tamu ili nimtoe nikamchome. Nikajisikia vibaya kuliko siku zote za maisha yangu. Nikaishusha ile sindano nikaiweka mezani. Nikampelekea maji kwenye kijiko, na siku chache zilizobaki tulikaa hivyo, mimi nimeegemea kochi sakafuni, yeye chini yake, kazi za watu zimelala.

Nilikungoja. Nilimtuma kaka yako stendi ya malori kila siku aulize kama kuna barua. Jumamosi akarudi mikono mitupu, na Mkaguzi akajaribu kusimama, miguu ya nyuma ikakataa. Nikasema basi.

Daktari alikuja Jumatatu asubuhi na mkoba wake wa ng'ombe. Haikuchukua muda. Nilimshika chini ya masikio. Hukuwa umeniambia bado, nilikuwa nimepajua mwenyewe. Alilala kama anavyolala akishiba. Kaka yako hakwenda gereji, alichimba mwenyewe pale uani karibu na karo la kufulia, akachimba kirefu mno mpaka nikamwambia inatosha. Nilimfunga kwenye ile velveti.

Na Mama. Nilikuwa nimemwogopa Mama miezi yote hii, wifi, kuliko hata ugonjwa wenyewe. Alitoka ndani akatukuta mimi na mwanawe tumekaa kwenye ndoo tunatazama udongo. Nikasubiri aseme. Akauliza, "Mnamlilia paka?" Akarudi ndani, akatoka na kiti chake, akakiweka katikati yetu akakaa. Baadaye akasema, "Mimi nilijua atakufa mwezi wa nne. Umejitahidi, mwanangu." Hakusema harusi.

Kuhusu mkataba wako, baki huko, pika, bwawa lijae. Mlango wetu haufungwi kwa sababu umechelewa. Uje ukiwa tayari, hata kama hapa hakuna wa kukunusa mikono. Kaka yako anakusalimu sana, Mama anakusalimu, na mimi nakusalimu kuliko wote.

Nimebakiza moja, nimelizungukia tangu mwanzo wa barua hii. Unaniambia niseme binti yao ndiye aliyeamua, nisibebe mimi. Nakushukuru, najua umelitoa wapi neno hilo. Lakini limenikuta nimeshabeba.

Asubuhi ile daktari aliishika sindano, kisha akasimama. Akasema, "Hii simchomi mnyama yeyote mpaka mwenyewe aniambie kwa mdomo wake. Mwenye paka ni nani?"

Kaka yako akanitazama. Nilikuwa na jibu, wifi, nimelisema mwaka mzima kwa kila mteja aliyemkuta juu ya kochi lake. Ni paka wa wifi yangu, yuko mbali, mimi namtunzia tu. Lilikuwa ulimini.

Nikasema, "Ni mimi. Ni wangu."

Kwa sponji naomba unisamehe. Kwa hilo siombi.

Wifi yako